Entebbe mpaka Chicago ni saa ngapi?

Ukiuliza simu yako umbali wa kutoka Entebbe hadi Chicago, inakujibu hata hujapepesa jicho: kilomita kama 12,450, saa kama 14 za kuruka. Hesabu hiyo haina kosa, ila haimfai msafiri. Hakuna ndege ya abiria inayoruka Uganda ikaenda kutua Marekani bila kusimama mahali, kwa hiyo hizo saa 14 ni za ndege ambayo haipo. Mtu anayefunga mlango wa nyumba yake Ntinda au Bombo mpaka apokelewe na nduguye kule Chicago hutumia saa 26 au 27 mambo yakimnyookea, zaidi ya 30 kwa kawaida, na 40 si ajabu.

Kazi yangu ni kukata tiketi, kwenye jengo moja la katikati ya Kampala, mwendo mfupi kutoka Old Taxi Park. Wateja wangu wengi huzungumza Kiswahili: Wakongo wa Katwe na Nsambya wenye ndugu Marekani, Wanubi wa Bombo, watu wa Arua, wafanyabiashara wa soko la Kikuubo wanaofuata mali Guangzhou, China. Nauli huulizia ofisi tano kabla ya kufika kwangu, na tunavutana mpaka shilingi ya mwisho. Saa hawaziulizi. Wanatazama siku ya kuondoka na siku ya kufika, wanalipa, wanakunja karatasi. Halafu bei inasahaulika ndani ya wiki moja, lakini usiku ule wa kukaa kwenye kiti cha chuma katika uwanja wa nchi nyingine, bila kujua lini ndege nyingine inakuja, mtu anausimulia miaka. Na nyumbani kuna waliokesha wakipiga simu isiyoita. Hilo linaniuma, kwa sababu karibu yote linaweza kuelezwa mapema kwa mtu akiwa bado ameketi mbele yangu.

Nianze na hizo kilomita.

Mezani kwangu kuna tufe dogo la dunia na kipande cha uzi. Mteja akiniuliza Chicago iko upande gani, huwa anaonyesha magharibi moja kwa moja, juu ya Congo halafu bahari. Ramani bapa ya ukutani ndiyo imemfundisha hivyo. Nikivuta uzi juu ya tufe, ncha moja Entebbe na nyingine Chicago, mpaka ukakaza, uzi haupiti huko. Unaondoka Entebbe kwa kuelekea kaskazini-magharibi, unakata kona ya Congo, unaingia Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger na Algeria, unatokea pwani ya Morocco karibu na Casablanca, unavuka Atlantiki ukipanda mpaka usawa wa Nova Scotia huko Canada, ndipo unateremka kidogo kuelekea Chicago. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote. Watu hushangaa, wanaurudisha uzi magharibi, wanaona unalegea, kisha wanakubali.

Sisi wa Uganda tuna bahati ambayo sijaona mtu akiitaja. Uwanja wa Entebbe uko kilomita chache tu kaskazini mwa Ikweta, latitudo 0.04, na hilo linaifanya hesabu ya umbali iwe nyepesi kwetu kuliko kwa mtu wa London au Cairo. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo anaiweza. Chukua kosaini ya latitudo ya mji unaokwenda. Zidisha kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Chicago iko latitudo 42 kaskazini, longitudo 88 magharibi. Entebbe iko longitudo 32.4 mashariki, kati yao kuna nyuzi kama 120. Unapata −0.375, ambayo ni kosaini ya nyuzi 112. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111 na kidogo. Zidisha, umefika 12,450. Dunia nzima kwenye mstari wa Ikweta, ule mnaopigia picha pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, ina mzunguko wa kilomita 40,075, kwa hiyo anayekwenda Chicago anakata karibu theluthi moja ya mzunguko wote wa dunia. Namwambia kila mteja jambo hili, kwa sababu mtu akijua ukubwa wa anachokwenda kukifanya, mwili ukichoka hashtuki akadhani anaumwa.

Kwa nini basi hakuna ndege ya moja kwa moja? Wengi hudhani ndege haiwezi. Zamani kweli haikuweza. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikawa ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria wa nauli kwa ratiba ya kawaida. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Naam, Entebbe yetu ilikuwa kituo cha safari ya kwanza kabisa ya jeti ya abiria, na sioni kwa nini watoto wetu wasifundishwe hilo shuleni. Safari nzima ilichukua muda usiofika saa 24, na kutua kote kule kulikuwa ni kutafuta mafuta.

Leo mafuta si kikwazo tena. Uganda Airlines ina Airbus A330-800 mbili, zilizofika Desemba 2020 na Februari 2021, na kwa maelezo ya kiwandani ndege hiyo inaweza kwenda kilomita kama 15,000. Uwanja wa Entebbe uko mita kama 1,150 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, hivyo ndege iliyojaa inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Lakini njia yake kubwa ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu. Nairobi iko juu zaidi, mita 1,600 na ushei, na tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inaruka New York moja kwa moja, kilomita kama 11,800. Kabla ya hapo, Februari 2017, mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imeipa Kenya daraja la kwanza la usalama, na bila daraja hilo shirika la nchi haliwezi kuanzisha safari zake za kwenda huko. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kibali, na zaidi ya kibali ni abiria wa kujaza viti, kwenda na kurudi, wiki hadi wiki. Entebbe peke yake haina watu wa kutosha wa Chicago. Ndiyo maana tunakusanywa pamoja na watu wa Kigali, Lusaka, Karachi na Dhaka kwenye mji mmoja wa katikati, tukagawanywa upya.

Sasa hapo kwenye mji wa katikati ndipo mambo yote yalipo, na ndipo ningependa kila msafiri aweke akili yake.

Ukipitia Amsterdam, unaruka kilomita kama 6,360 hadi huko na 6,620 nyingine hadi Chicago. Jumla ni karibu 13,000, yaani umezunguka kilomita 500 na kitu tu zaidi ya uzi. Brussels haiko mbali na hapo. Kupitia Istanbul jumla inakaribia 13,400. Kupitia Doha inafika 14,900, na Dubai 15,400, ambazo ni kilomita kama 2,450 na 2,950 zaidi ya uzi, kwa sababu unakwenda kwanza mashariki ili urudi magharibi. London ndiyo inayokaribia uzi kuliko zote, na Mei 2025 Uganda Airlines ilianza kuruka Entebbe hadi Gatwick moja kwa moja. Ila ndege nyingi za Marekani huondokea Heathrow, uwanja mwingine kabisa, na kati ya viwanja hivyo kuna safari ya barabara. Unavuka mpaka wa Uingereza, unachukua mizigo yako, unapanda basi, unaanza upya. Hilo lina masharti yake ya viza, na foleni zake. Kwenye ramani ni njia bora. Kwa mama mwenye watoto wawili na masanduku manne, mimi simshauri.

Usifikiri Doha na Dubai ni mbaya siku zote. Mfanyabiashara wa Kikuubo anayekwenda Guangzhou ana ramani nyingine. Kwake umbali wa uzi ni kilomita kama 9,070. Akipitia Addis Ababa anaruka kama 9,250, tofauti isiyofika kilomita 200, kwa sababu Addis iko karibu kabisa na njia yake. Dubai inamwongezea kama 500. Lakini akiuziwa tiketi ya Istanbul kwa sababu tu imepunguzwa bei, ataruka karibu kilomita 12,500. Amekwenda kaskazini nchi baada ya nchi kisha akarudi. Kabla ya kulipa, muulize aliyekuuzia: mji huu wa katikati uko njiani kwangu, au ninautafuta? Vuta uzi mwenyewe kama huna hakika.

Hata hizo kilomita za mji kwa mji ndege haizifuati kwa unyoofu. Tazama Khartoum. Iko karibu kwenye longitudo ileile ya Entebbe, kaskazini kabisa kwetu, kilomita kama 1,730. Comet ya 1952 ilitoka huko ikaja hapa kama mtu anayeteremka ngazi. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 na anga la nchi hiyo kufungwa, ndege nyingi za kutoka Entebbe kwenda kaskazini zimelazimika kuizunguka. Abiria aliyeketi dirishani haoni tofauti yoyote, anaona mawingu yaleyale, lakini dakika zinaongezeka, na chini yake kuna watu ambao wengi wao wamekimbilia kwetu, Kiryandongo na Kampala hapahapa. Kila nikiona ratiba iliyoongezwa dakika kwa sababu hiyo, nawakumbuka.

Upepo nao una neno lake. Juu kule, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kaskazini mwa Ikweta kwenye usawa wa Ulaya na Marekani kuna mikondo mikali ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao huwa mikali zaidi. Anayekwenda Chicago anapigana nayo. Anayerudi anasukumwa nayo. Kutoka Amsterdam hadi Chicago ni kama saa tisa. Kurudi ni kama nane. Kutoka Doha ni saa 14 na nusu au 15. Kurudi ni kama 13. Mtu akiona hivyo kwenye tiketi hudhani kuna makosa ya uchapaji, anarudi ofisini na karatasi mkononi. Hakuna kosa. Ni upepo.

Kuruka, hata hivyo, si sehemu inayowachosha watu. Ndani ya ndege una kiti, unaletewa chakula, na unajua utafika. Kinachomaliza watu nguvu ni kungoja. Saa mbili na nusu au tatu kati ya ndege moja na nyingine ndicho kipimo ninachokipenda: unateremka, unapita ukaguzi, unakwenda msalani, unatafuta lango lako bila kukimbia. Ikiwa dakika 60, hata mfumo wa tiketi ukiruhusu, namwambia mteja aachane nayo, hasa kama ni safari yake ya kwanza au kama miguu yake si ya kukimbia. Na ikiwa ni saa 11 au 14, basi nafuu ya bei niliyompa ataitumia kwa kununua chai na maji kwa bei ya uwanjani, na bado atakuwa amelala sakafuni.

Jambo lililo zito zaidi ni tiketi kuwa moja au mbili. Kijana mmoja wa Katwe alikuja kwangu baada ya yaliyomkuta. Alikuwa amenunua mwenyewe mtandaoni tiketi mbili tofauti, moja ya kufika mji wa katikati na nyingine ya kutoka hapo, kwa sababu zikijumlishwa zilikuwa rahisi. Ndege ya kwanza ikachelewa. Ya pili ikaondoka bila yeye, na kaunta wakamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba kwao yeye ni abiria ambaye hakufika. Tiketi ikafa. Mizigo ilikuwa upande wa pili wa mpaka ambao hakuwa na viza ya kuuvuka. Alikaa pale siku mbili mpaka ndugu zake walipochanga. Ukiwa na tiketi moja yenye namba moja ya kumbukumbu, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalobeba jukumu la kukufikisha. Ukiwa na mbili, jukumu ni lako peke yako, usiku, ugenini. Hakuna nafuu ya bei inayolingana na hilo.

Kwa ndugu zetu Wakongo kuna la ziada. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo yuko kwenye orodha ya wanaotakiwa kuwa na viza hata ya kupita tu ndani ya viwanja vya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kama Amsterdam na Brussels, bila kutoka nje. Mwenye viza halali ya Marekani ameondolewa sharti hilo, lakini aiweke pasipoti yake tayari mkononi, maana ataulizwa Entebbe kabla ya kupanda. Na wote wajue kwamba ukishatua Marekani, uwanja wa kwanza unaoukanyaga ndipo unapopita uhamiaji na kuchukua masanduku yako, hata kama tiketi inaendelea mji mwingine. Anayekwenda Chicago kupitia Washington atachukua mizigo Washington, apite nayo forodhani, airudishe tena kwenye mkanda. Hiyo peke yake inakula saa mbili. Mama wa makamo asiyejua Kiingereza, namtafutia ndege inayotua Chicago kwenyewe, hata ikiwa ghali kidogo.

Saa za kwenye tiketi zina mtego. Zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na sisi, kwa Kiswahili na kwa Kiganda vilevile, tunahesabu tangu alfajiri. Tiketi ikisema 03:50 si saa tatu. Ni saa kumi kasoro dakika kumi za usiku. Ikisema Jumanne 00:40, uondoke nyumbani Jumatatu jioni, maana ni usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Ninapiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: “Toka nyumbani Jumatatu saa kumi na mbili jioni.” Nimeona familia nzima ikifika Entebbe na maua na kamera saa 24 baada ya ndege kuondoka.

Halafu kuna safari ya kabla ya safari. Barabara mpya ya Kampala–Entebbe iliyofunguliwa 2018 inasaidia sana kwa anayeweza kulipa ushuru wake, lakini kutoka Kampala yenyewe na kuifikia barabara hiyo, jioni ya Ijumaa, ni shughuli nyingine. Fika uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka. Mtu wa Arua ana karibu kilomita 500 za basi kwanza, Pakwach, Karuma, usiku mzima. Akiunganisha siku hiyohiyo na ndege ya jioni, anaingia angani akiwa tayari hana usingizi wa siku mbili. Nawaomba walale Kampala usiku mmoja. Wengine hukataa kwa sababu ya gharama, nami nawaelewa, lakini naomba tena.

Mwaka mmoja alikuja hajati kutoka Bombo, mwanawe amemtumia tiketi ya Chicago ili akawaone wajukuu. Hakuwahi kupanda ndege. Alikuja na binti yake na daftari la mraba-mraba, akaniambia, “Mwanangu, niandikie nitakachopita, kwa saa zetu.” Nikaandika kwa herufi kubwa, kalamu ya buluu, upande wa kushoto saa za Bombo na upande wa kulia saa za pale atakapokuwa. Jumatatu saa nne asubuhi, kutoka nyumbani. Saa kumi na moja jioni, ndege inaruka Entebbe. Saa nne na nusu usiku, Doha, ambako saa ni sawa na zetu. Kungoja mpaka Jumanne saa mbili asubuhi. Kisha saa 14 na nusu angani. Kufika Chicago saa saba na nusu mchana wa huko. Bombo ni saa nne na nusu usiku wa Jumanne hiyohiyo, kwa kuwa ilikuwa wakati wa baridi na Chicago iko nyuma yetu kwa saa tisa. Wakati wa joto wao husogeza saa zao, tofauti inakuwa nane.

Alinyamaza akihesabu kwa vidole. Angani ni saa 20; tangu mlangoni kwake mpaka magurudumu yaguse Chicago ni saa 36 na nusu. Kisha akauliza maswali mawili ambayo hakuna simu inayoyajibu. La kwanza: ataswali vipi, na jua litakuwa halifuati kawaida? Hapo alikuwa ameliona jambo lenyewe kwa akili yake tu. Ndege inayokwenda magharibi kasi ya kilomita 900 kwa saa inalifukuza jua, na kwenye latitudo za juu inakaribia kulifikia: anayeondoka Amsterdam saa saba mchana anatua Chicago kama saa tisa alasiri ya siku hiyohiyo, ingawa ameketi saa tisa nzima. Hukumu ya sala ya msafiri, kukusanya na kupunguza, alimuuliza shehe wake. Mimi nilimpa saa. La pili lilikuwa dawa zake za presha, za kila asubuhi. Asubuhi ya wapi? Nikamwomba amuulize daktari wake kabla ya kuondoka, na jibu la daktari tukaliandika kwenye daftari lilelile, kwenye mstari wake.

Binti yake ndiye aliyekuwa na hofu zaidi. Kwa hiyo chini ya ukurasa tukaongeza orodha nyingine, ya saa ambazo simu ya mama haitapatikana. Jumatatu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne na nusu usiku. Jumanne kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, na saa mbili zaidi za uhamiaji na mizigo, yaani msimtarajie kabla ya saa sita na nusu. Tangu hapo orodha hiyo namwandikia kila anayesafiri mara ya kwanza, maana kwa waliobaki nyumbani safari ni huko kunyamaza kwa simu. Mtu anayejua kwamba mama yake atanyamaza saa 16 na nusu analala. Asiyejua anakaa na simu mapajani, anapiga, anaambiwa namba haipatikani, na akili inaanza kumtengenezea ajali.

Waambieni pia kuhusu kurudi, kwa sababu huko kalenda inawanyang'anya walichopewa wakati wa kwenda. Hajati alipoondoka Chicago ilikuwa Jumamosi saa moja jioni kwa saa za huko, na Bombo tayari ilikuwa Jumapili saa kumi alfajiri. Upepo ulimsukuma, akafika Doha kwa saa 13, Jumapili saa kumi na moja jioni, akangoja, akatua Entebbe Jumatatu asubuhi na mapema. Wajukuu wa Bombo walikuwa wameambiwa bibi ameondoka Jumamosi, wakataka kumsubiri Jumapili. Binti yake alikuwa ameshafungua daftari, akawaonyesha mstari wa Jumatatu, akawapeleka kulala, na gari la kwenda Entebbe likaagizwa kwa saa tisa usiku.